Kofia ya Guka: Nani Airekebishe?

"Mami, irudishe vile ilikuwa," baba aliniambia, akaitoa kofia kwenye kiondo ilimokuwa imekaliwa na maparachichi manne. Alikuwa ametoka nayo Makongeni, Thika, akapanda matatu hadi kwangu Ruiru. Akanywa chai, akauliza kama maji yanatoka siku hizi, akaenda. Ruracio yangu ni Desemba na yeye ndiye atakayepokea wageni. Anataka kuwapokea akiwa na kofia ya baba yake.

Sentensi yake imenisumbua tangu siku hiyo. Vile ilikuwa lini? Ilipotoka kiwandani? Ilipofika kichwani mwa guka mara ya kwanza? Ama vile mimi naikumbuka nikiwa darasa la tatu, imekaa juu ya goti lake kanisani, na mimi kando yake nikiingiza kidole kwenye tundu la nondo hadi anifinye?

Nikiwauliza marafiki, wote wanajibu swali lingine kabisa. Wanauliza nitaifanya mwenyewe nyumbani ama nitalipa mtu. Tunaliongea hilo kama suala la pesa na ujasiri: uko na ngapi, na mikono yako iko sawa? Mimi nadhani ni suala la kusoma. Anayerekebisha kitu cha zamani anakisoma kwanza, halafu anaamua ni mistari ipi ibaki na ipi ifutwe. Ni kazi ya mhakiki, tofauti ni kwamba mhakiki akikosea kitabu kinabaki vile kilikuwa.

Basi wacha niieleze kofia yenyewe. Ni ya felti, rangi ya majivu inayoelekea kahawia, ukingo wake umelegea upande wa kulia kwa sababu huo ndio upande guka alikuwa akishika akisalimia watu. Utepe umepauka. Kuna matundu mawili ya nondo. Juu ya utepe kuna doa la jasho limezunguka kofia nzima kama mstari wa maji ya mafuriko kwenye ukuta. Jina la kiwanda lilikuwa limeandikwa kwenye kitambaa cha ndani, sasa imebaki herufi moja na nusu.

Ilitoka wapi? Hapo familia iko na matoleo mawili. Baba anasema guka aliinunua Nairobi, katika duka la Mhindi, akapimwa kichwa kwa utepe kama bwana, siku alipopokea malipo yake ya kwanza ya kahawa. Hiyo si hadithi ndogo. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa huku kwetu kupanda kahawa, kahawa ikawa zao la masetla, na ni Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio ulikuja kuwafungulia mlango kwa upana. Kwa hivyo kofia ya pesa ya kahawa ni cheti. Inasema: hata mimi.

Toleo la shangazi ni fupi. Guka alikuwa akifanya kazi kwa mzungu, shamba la kahawa upande wa Ruiru. Uhuru ukakaribia, mzungu akauza, akaenda, akaacha vitu. Shangazi akifika hapo huguna, anaongeza sukari kwenye chai. Hajawahi kusema waziwazi kwamba kofia ilikuwa moja ya hivyo vitu. Baba naye hajawahi kumuuliza.

Nilianza kwa kutazama vidio, kama kila mtu. Kuna aina nzima ya sanaa siku hizi, vidio za kurekebisha vitu vya zamani: visu, viatu, taa, kofia. Nazipenda, sitadanganya. Mikono bila uso, hakuna anayeongea, unasikia tu brashi ikipita na mvuke ukipumua. Kitu kinaingia kikiwa takataka, baada ya dakika kumi na nane kinatoka kikiwa kipya, na picha mbili zinawekwa sambamba ili tushangae. Nimelala nikizitazama usiku mwingi kuliko ninaotaka kukiri.

Lakini nikizitazama na kofia ya guka pale mezani, nikaona kitu kilichonikera. Katika hizo vidio kitu hakina mwenyewe. Jasho halina jina. Kila doa ni adui, na mwisho mwema ni mmoja tu, kurudi siku ya kiwandani. Ni kama riwaya inayoanza mhusika akiwa mzee, halafu kila sura inamwondolea mwaka mmoja, mke mmoja, kovu moja, mpaka ukurasa wa mwisho anazaliwa na sisi tunapiga makofi. Halafu kuna udanganyifu mdogo wa pembeni. Mwenye vidio anakuambia hata wewe unaweza nyumbani, na nyuma yake rafu imejaa kalibu za mbao za kila saizi ya kichwa na mtambo wa mvuke ukubwa wa friji. Nyumbani kwa nani?

Nyumbani kwangu kuna birika, jiko la gesi lenye mabamba mawili, na brashi ya viatu vya suwedi. Nilianza na brashi, taratibu, kinyume cha saa, kufuata manyoya ya felti yanavyolala. Vumbi lililotoka lilikuwa jekundu. Hiyo ni Thika, nikajiambia, na nikaacha kidogo kabla ya kuendelea. Nikaweka unga wa kornflawa kwenye doa la jasho usiku kucha ili unyonye mafuta, asubuhi nikaupangusa, doa likapungua bila kuisha. Mpaka hapo mwanagenzi wa nyumbani alikuwa ameshinda. Ningeshauriwa vizuri ningeacha.

Badala yake nikachemsha maji. Mvuke wa birika unalegeza felti, unaweza kuinyoosha kwa vidole kama chapati kabla haijaenda kwenye kikaango. Ukingo ulinitii. Kichwa nacho kikanivimba. Nikaona doa bado, nikalilowesha kwa maji ya moto, nikasugua, halafu kwa sababu nilikuwa na haraka nikaenda kwa jirani mwenye saluni nikaazima drai ya nywele.

Felti si kitambaa cha kufumwa. Ni manyoya, ya kondoo kwa kofia za kawaida, ya sungura au biva kwa zile za bei, ambayo yameshikamana kwa joto, maji na msuguano mpaka hayawezi kuachana. Ukiyapa tena joto, maji na msuguano yanaendelea tu na kazi ile ile, yanazidi kushikana, kofia inakuwa ndogo. Ndiyo maana wenye ujuzi huiacha ikauke yenyewe kivulini, kichwa chini, ukingo juu. Mimi nilisoma hayo baadaye. Drai ya saluni ilikuwa imeshabana upande mmoja wa kilele, kofia ikawa kama inasikiliza siri.

Nililia kidogo. Guka alikuwa akiniita mke wake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo mimi ndiye cucu aliyerudi, na mzee alikuwa akinitania hivyo mbele ya watu, ati, "Mke wangu, leta maji." Sasa mke wake alikuwa ameunguza kofia yake.

Nikageukia wataalamu. Drai klina mmoja Thika aliishika kofia kwa vidole viwili, akaniambia ataichukua lakini kwa hatari yangu, nitie sahihi. Alikuwa mkweli, simlaumu, drai klina si mtengeneza kofia. Watengeneza kofia wapo, Borsalino iko Italia tangu 1857, Stetson ilianza Philadelphia mwaka 1865, na miji kama London ina mafundi ambao kazi yao yote ni kofia. Thika sikupata hata mmoja. Na huu ni mji ulioitwa Birmingham ya Kenya, mji wa viwanda vya nguo na vya ngozi. Unaweza kufuma kitambaa hapa, unaweza kusindika ngozi ya ng'ombe, lakini kofia ya mzee ikilegea ukingo hakuna mlango wa kubisha. Sababu si ya kutafuta mbali. Pale Soko la Jamhuri unapata kofia nyingine ya mitumba kwa bei ya chakula cha mchana. Nani atamlipa fundi?

Halafu kuna jambo jingine nililokuwa nalikwepa. Kofia ya felti nchini mwetu ina hadithi ya watu wawili. Masetla waliamini jua la huku lingewapiga kichwani na mgongoni hata kuwaua, wakavaa helmeti na kofia za felti mbili zilizoshonwa pamoja. Thika yenyewe dunia inaijua kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959 kuhusu utoto wake wa kisetla, kikawa mfululizo wa televisheni mwaka 1981. Miaka minne baadaye ikaja Out of Africa, na mpaka leo ukisema Kenya na kofia, mgeni anaona Meryl Streep na Robert Redford. Hoteli za kitalii zinaiuza picha hiyo. Lakini tembea uone. Nani amevaa hiyo kofia siku zote hizi, kwenye mikutano ya vyama vya ushirika vya kahawa, kwenye ruracio, kwenye mazishi, kwenye foleni ya benki? Ni mzee wa Kiambu na Murang'a, na koti lake na fimbo yake. Mzungu aliivaa kwa hofu ya jua, mzee akaivaa kwa heshima, na kwa miaka sitini iliyofuata ikawa yake kuliko ilivyokuwa ya mwingine yeyote. Mimi naona huo ndio uhakiki bora zaidi wa kofia ya felti uliowahi kufanywa hapa, na haukuandikwa.

Kwa hivyo "irudishe vile ilikuwa" ni amri hatari. Ukirudisha nyuma sana unaweza kumkuta mtu mwingine kichwani.

Huko nje wamebishana juu ya hili muda mrefu, wakiongea majengo. John Ruskin, Mwingereza, aliandika mwaka 1849 kwamba kurekebisha jengo la kale ni uongo, kwa sababu unachopata si kile kilichokuwepo. Viollet-le-Duc, Mfaransa, hakuogopa. Kwake unaweza kulifikisha jengo kwenye ukamilifu ambao pengine halijawahi kuwa nao siku yoyote. Vidio ni wajukuu wa Viollet-le-Duc. Na usidhani mstari kati ya mwanagenzi na mtaalamu unakuokoa. Mwaka 2012 mama mmoja mzee wa Borja, Hispania, alijitolea kurekebisha mchoro wa Yesu ukutani kanisani, ukageuka kichekesho cha dunia, na watu wakaanza kufunga safari kwenda kuuona. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultan Barghash la 1883, iliporomoka sehemu yake ikiwa katikati ya ukarabati rasmi, na watu wakafa. Kuwa na kandarasi hakukulizuia.

Fundi niliyempata mwishowe ni wa viatu. Anakaa Ruiru karibu na steji, chini ya mwavuli wa rangi ya kampuni ya simu, na miguu ya mbao imepangwa mbele yake kama waumini. Nilienda kushona kandambili. Kofia ilikuwa kwenye begi kwa sababu nilikuwa nimechoka kuiacha nyumbani ikinitazama.

Aliishika kwa mikono yote miwili. Akaigeuza. Akainusa! "Huyu mzee alikuwa anatumia ugoro," akasema, bila kuuliza. Ni kweli, alikuwa anatumia. Akapitisha kidole gumba kwenye upande niliobana. "Na hapa nani ameichoma?" Nikanyamaza. "Madam, hii niachie hadi Ijumaa. Mia sita."

Nilikaa. Sikumwachia, nilikaa hapo kwenye kigoda nusu siku, na sasa nitafanya kazi yangu ya uhakiki kwa haki, kwa sababu kazi yake haikuwa kamilifu. Hana kalibu ya kofia. Kwenye kilele alichoma mvuke, akaingiza mpira wa watoto ulioisha pumzi, akaupuliza kwa pampu ya baiskeli polepole mpaka felti ikajaa. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka kwa sababu ilifanya kazi, karibu yote. Kile kibonyeo changu bado kipo ukijua pa kutafuta. Ukingo aliupiga pasi juu ya kitambaa chenye maji, na alikaza mno sehemu moja, manyoya yamelala yakang'aa kama suruali ya zamani ya shule. Matundu ya nondo aliyaziba kwa vumbi la felti alilokwangua chini ya utepe, na gundi kiasi, hayo yametoka vizuri kuliko nilivyoona kwenye vidio yoyote. Utepe aliugeuza nje ndani, upande ambao haujaona jua. Fikra hiyo pekee ilikuwa na thamani ya ile mia sita.

Halafu akafika kwenye ukanda wa ngozi wa ndani, ule unaogusa paji la uso. Ulikuwa umekauka, unakatika. Akaanza kufumua mshono kwa ncha ya kisu, tundu baada ya tundu. Mimi nyumbani sikuthubutu kuugusa mshono huo. Akasimama. Akavuta kitu kwa vidole viwili, akakiweka juu ya goti lake, akanitazama.

Ilikuwa karatasi. Gazeti lililokunjwa mara nyingi likawa utepe mwembamba, la manjano, limechukua umbo la ngozi kiasi kwamba lilikaa limepinda lenyewe. Kiswahili. Halina jina wala tarehe, makunjo yamekula pembe zote. Nusu ya tangazo la sabuni, na upande wa pili maneno ya habari yasiyo na mwanzo.

"Ilikuwa kubwa kwake," fundi akasema.

Kila fundi anajua hilo. Kofia ikikupwaya unaweka gazeti nyuma ya ukanda. Kwa hivyo kichwa cha guka hakikuwa saizi ya kofia hii. Na nani huenda hadi Nairobi, apimwe kichwa kwa utepe dukani, alipe pesa ya kahawa ya kwanza, halafu arudi nyumbani kujaza gazeti?

Najua mhakiki anafaa kuogopa furaha yake mwenyewe. Labda alinunua kubwa kwa sababu ndiyo ilikuwa imebaki. Labda felti ilitanuka. Labda mzee alikonda, nywele zikaisha, kichwa kikapungua kama vile sisi wote tutapungua. Gazeti la Kiswahili linaniambia aliyejaza hakuwa mzungu, basi. Halisemi zaidi ya hapo. Lakini nikiwa pale kwenye kigoda nilisikia guno la shangazi waziwazi, na kijiko cha sukari.

Kwenye vidio hiyo karatasi ingekuwa kwenye pipa dakika ya kwanza, wala isingeonekana, ingekatwa wakati wa kuhariri. Drai klina angeitumbukiza kwenye dawa pamoja na kila kitu. Mimi nisingeipata kabisa. Huyu wa viatu, asiye na kalibu, aliyenichomea ukingo kidogo, ndiye aliyesimama na kuuliza:

"Narudisha ama naweka sponji?"

Nikimpima kwa swali hilo, ndiye mtaalamu pekee niliyekutana naye katika habari hii yote. Sponji ingekaa vizuri zaidi, alinieleza. Na bila chochote ndani, kofia ingemtosha mtu mwenye kichwa kikubwa. Baba yangu ana kichwa kikubwa. Bila karatasi ingemkaa kama iliyopimwa kwa utepe dukani, na hadithi yake ingetembea mbele ya wageni wote Desemba.

Nilimwambia arudishe karatasi.

Alishona kwa uzi wa viatu, mnene, unaonekana. Jumamosi nikapanda matatu kwenda Thika na kofia mapajani, tukapita Juja, upande mwingine wa barabara vijana wakiuza nanasi. Baba alikuwa amekaa nje. Aliigeuza kofia, akasifu ukingo, akapitisha kidole juu ya mahali palipokuwa na matundu akakosa kuyaona. Akaivaa. Ilikaa juu, vidole viwili kutoka mahali ilipofaa, kama ya mtoto.

"Kumbe kichwa cha mzee kilikuwa kidogo hivi," akasema, akacheka, akajaribu kuishusha kwa nguvu.

Shangazi alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Aliitazama kofia, akanitazama mimi, akauliza kama fundi aliifungua ndani. Nikasema ndiyo. Hakuuliza alichokipata. Baba hasomi vitu vya mtandaoni, lakini shangazi anasoma, na mpaka Desemba kuna wiki tisa.